Jicho la Mohamed Amin

Wapo wasomi wanaodai kwamba mpigapicha hana lugha, eti hubonyeza kitufe tu huku mashine ikifanya kazi yote. Siafikiani nao, na hoja yangu ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi (1943).

Mnamo Oktoba 1984, huko Korem nchini Ethiopia, yeye na Michael Buerk wa BBC waliwakuta maelfu ya watu wakiangamia kwa njaa. Kamera ya Amin ilipita juu ya nyuso zile bila pupa. Ulimwengu ukashtuka; Julai 1985 tamasha la Live Aid likaandaliwa London na Philadelphia kuchangisha fedha.

Mwaka wa 1991 mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto. Akavaa wa bandia, akarejea kazini. Lakini ujasiri sio ninaouhusudu. Majasiri ni wengi. Nahusudu kwamba mama aliyempakata mwanawe anabaki mama katika picha zake, hageuki kuwa takwimu.

Kinachoniuma ni kwamba sauti iliyozifasiri picha hizo za Mnairobi ilikuwa ya Kiingereza, kutoka London. Nasi je? Amin alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazija. Katika miaka yangu yote ya masomo sijapewa hata picha yake moja niifasiri kwa Kiswahili, ilhali mashairi nimeyachambua hadi nikachoka.