Wananchi ni nani?



Hivi karibuni niliandika tangazo la msikiti kuwaalika "wananchi wa Mpanda pamoja na ndugu zetu wa Katumba". Baada ya swala ya Ijumaa, muumini mmoja aliyezaliwa Katumba aliniuliza kwa upole: "Ustadhi, neno wananchi sisi halitufikii?" Sikuwa na jibu.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaribiana. Raia limetokana na Kiarabu, ra'iyya, yaani wanaochungwa. Ndilo neno la sheria na la cheti. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya raia wake. Mwananchi ni mwana wa nchi. Jina hilo halitolewi ofisini. Hutolewa na vinywa vya majirani.

Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, na wengine Ulyankulu, Tabora. Katika makazi hayo matatu watu zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Serikali imewafanya raia. Je, sisi tumewaita wananchi?

Tangazo nimeliandika upya: "Wananchi wote mnakaribishwa." Nanyi wazazi, mtoto akimwita mwenzake "mkimbizi", msinyamaze. Ulimi wa mtoto nao ni katika tunavyochunga, na tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.