Kidonge Hakipalilii Pamba

Nina ugomvi na kidonge cha kulegeza misuli. Msimu wa palizi ukifika Bariadi, mama anaingia duka la dawa ameshika kiuno, anatoka na bahasha ndogo: cha maumivu na cha kulegeza misuli. Hakuna aliyemuuliza amepalilia ekari ngapi, wala ameinama siku ngapi. Mgongo umekaza, basi ulegezwe.

Kwanza, jina lenyewe linapotosha. Nyingi ya dawa hizi, diazepamu ikiwemo, haziendi kiunoni. Hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ndiyo maana mnywaji husinzia, na akipanda bodaboda au kunywa pombe anajiweka hatarini.

Pili, faida yake ni ndogo. Mwaka 2021 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa majaribio mengi: kwa maumivu mapya ya kiuno, nafuu ilikuwa chini ya alama 8 kati ya 100, na ushahidi wenyewe dhaifu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitumike kama kawaida kwa maumivu ya mgongo yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu.

Utaniambia: wewe uko darasani, mwenye maumivu anataka kulala leo. Sawa, na alale. Ninachokataa ni kidonge cha usiku mmoja kugeuka ruhusa ya kuinama kesho, keshokutwa, hadi mwili ukizoee. Diazepamu huzoesha.

Mwaka 1975 jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mashambani, kwa sababu lilikuwa likiharibu migongo ya vibarua. Pale tatizo lilitafutwa kwenye jembe, si kwenye msuli.

Simiyu inaongoza nchini kwa pamba. Ng'ombe wanavuta plau, lakini palizi na kuchuma bado ni kazi ya mikono, mingi ikiwa ya mama na shangazi zetu. Kwenye mzani wa AMCOS tunahesabu kilo. Mgongo uliozileta hauhesabiwi.

Basi tudai vitu vyenye faida: majembe ya palizi ya kukokotwa na ng'ombe, mipini mirefu, zamu za kupumzika, na wataalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali za wilaya. Tukishindwa kudai hayo, tusiseme tunatibu migongo. Tunairudisha shambani ikiwa imesinzia.