Picha ya Ubongo na Jicho la Mwalimu

Imezuka tabia katika baadhi ya shule zetu za msingi ambayo wanachuo wanaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hawana budi kuitafakari kabla ya kuirithi. Mtoto akianguka kifafa darasani, mzazi huitwa na kuambiwa ampeleke akapigwe picha ya ubongo, na kwamba asirudi shuleni mpaka picha hiyo ipatikane. Anayetoa agizo hilo hudhani kuwa ametenda jambo la kisayansi, kwani amekataa habari za mashetani na kumwelekeza mzazi hospitali. Katika hilo anastahili sifa. Lakini agizo lenyewe lina kosa, na kwa maoni yangu kosa hilo linatokana na kutofahamu picha ya ubongo huonyesha nini na haionyeshi nini.

Nilipokuwa nikiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, nilipata habari za mvulana wa darasa la tatu aliyekuwa amekaa nyumbani zaidi ya muhula mzima kwa agizo la namna hiyo. Mama yake aliuza mbuzi, akasafiri naye, akarudi na majibu kwamba hapakuonekana kasoro yoyote. Shule ilipoyasoma majibu hayo ilikata shauri kwamba mtoto alikuwa akijifanya. Mama yule aliniambia neno ambalo sijalisahau. Daktari alimwuliza maswali mengi juu ya jinsi mtoto anavyoanguka, naye hakuweza kujibu hata moja, kwa sababu mtoto alikuwa akianguka shuleni. Mwenye majibu alikuwa mwalimu, na mwalimu hakuwa ameandika kitu.

Tuanze na sifa za mtambo. Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa ya kichwa vizuri, lakini ubongo wenyewe hauonekani kwayo. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mtambo uliobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mtambo huo, ambao leo huitwa CT, huzungusha miale ya eksirei kukizunguka kichwa, kisha kompyuta huunda picha za vipande vyembamba, mfano wa mkate uliokatwa. Baadaye ukaja mtambo wa MRI, unaotumia nguvu za sumaku badala ya eksirei. Kwa mitambo hii daktari huona uvimbe, damu iliyovuja, maji yaliyojaa kichwani na makovu ya majeraha ya zamani.

Faida yake imeonekana katika nchi zetu pia. Huko Haydom, wilayani Mbulu, picha za CT zimeonyesha kwamba baadhi ya wenye kifafa wana vifuko vya minyoo ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Minyoo hiyo huingia mtu anapomeza mayai ya tegu katika chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Mjini Blantyre, nchini Malawi, watafiti waliwapiga picha za MRI watoto waliozimia kwa malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 2015 walitangaza kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba mno tangu walipolazwa. Kwa watu wa Korogwe na Handeni, ambao wengi wao wamepata kumbeba mtoto mwenye degedege usiku kumpeleka zahanati, habari hiyo si ya mbali. Basi mtu asidhani kwamba ninaibeza picha ya ubongo.

Ninachosema ni kwamba picha hizo huonyesha umbo la ubongo, hali kifafa ni hitilafu katika utendaji wa umeme wake. Ukiipiga picha nyumba yenye umeme unaokatikakatika, utaona kuta, paa na taa, lakini hutaona umeme ukikatika. Watoto wengi wenye kifafa wana ubongo ambao picha yake haina dosari. Kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo, yaani EEG, ambacho Hans Berger alikitumia kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, husaidia zaidi katika jambo hili. Lakini hata hicho chaweza kutoonyesha kitu mgonjwa akipimwa wakati ametulia. Kwa hiyo nguzo ya kwanza ya utambuzi wa kifafa imebaki kuwa maelezo ya mtu aliyeona kwa macho yake.

Tena kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto huacha kuandika ghafla, macho yakakodoa, kope zikachezacheza. Baada ya sekunde chache huendelea na kazi asijue kilichompata. Hali hiyo yaweza kumrudia mara nyingi kwa siku. Picha ya CT ya mtoto huyu aghalabu haina kasoro, na mzazi aliyeko shambani hana habari. Anayemwona ni mwalimu, naye mara nyingi humwita mzembe na kumwadhibu kwa kuzubaa. Ni watoto wangapi wameadhibiwa kwa ugonjwa!

Yapo mambo manne ya kuandika kila itokeapo: saa ilipoanza na muda iliochukua, upande wa mwili ulioanza kutetemeka, kama mtoto aliitika alipoitwa, na hali yake baada ya kuzinduka. Wakati huohuo mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari, wala usimtie kijiko mdomoni. Ikizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Wanafunzi wenzake waelezwe kwamba mate yake hayaambukizi. Akishaanza dawa, kazi ya mwalimu haijaisha. Fenobabitoni humtia mtoto mmoja usingizi, na mwingine humfanya asitulie. Daktari hawezi kurekebisha kipimo cha dawa asipopata habari hizo.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu si daktari, na kwamba mwenye wanafunzi 80 hana nafasi ya kuandika habari za mmoja. Ni kweli kwamba kazi ni nzito, lakini mistari minne haizidi andalio la somo. Tukumbuke pia Mahenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla mtambo wa Hounsfield haujapata kuwapo popote duniani, Dakta Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Alisikiliza maelezo ya wagonjwa na jamaa zao, akawapa dawa, na wengi wakapata nafuu.

Katika miaka ya karibuni mitambo ya CT imesogezwa hadi hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kwa mkulima wa Kwamndolwa nauli na malipo bado ni mzigo, na ni daktari anayepaswa kuamua kama mzigo huo una sababu. Shule haina mamlaka ya kuifanya picha kuwa cheti cha kumrudisha mtoto darasani. Ndugu mwanachuo, utakapokabidhiwa darasa na mtoto akaanguka mbele yako, mpe mzazi barua yenye yale uliyoyaona aende nayo kwa daktari, na kesho yake umwachie mtoto nafasi yake kwenye dawati.