Mbegu ya Kaktasi Haitaki Chungu cha Udongo

Jumamosi moja asubuhi, mtaalamu wa bustani aliyealikwa redioni aliulizwa na msikilizaji wa Arusha ni chombo gani kinafaa kusia mbegu za kaktasi. Hakusita. Alijibu kwamba kaktasi ni mmea wa jangwani, kwa hiyo mbegu zake zitiwe kwenye chungu kikubwa cha udongo wa kufinyanga, kwa kuwa chungu hicho kinapumua, na maji yawe haba. Mtangazaji akamshukuru, wimbo ukapigwa, na ushauri ule ukaingia nyumba kwa nyumba kuua mbegu za watu.

Mtaalamu yule hakuutunga. Imani hiyo iko kwenye vitalu vya kando ya barabara, kwa wauza miche wa sokoni, na kwa kila jirani aliyewahi kumiliki kaktasi moja dirishani. Wote husema kwa sauti moja: kaktasi na chungu cha udongo ni chanda na pete. Kwa kaktasi iliyokomaa, sawa. Kwa mbegu na mche wa siku kumi, chungu hicho ni kaburi.

Sababu yake haihitaji maabara. Yeyote aliyelelewa kwenye nyumba yenye mtungi wa maji ya kunywa anaijua. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya taratibu hadi upande wa nje, yanageuka mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi hutoka jasho, na ndiyo maana hukaa kivulini penye upepo. Sasa yatoe maji, utie mchanga na mbegu. Je, udongo uliochomwa umebadili tabia? Utanyonya unyevu wa mchanga na kuutoa nje vilevile, na utaupoza mchanga vilevile. Mbegu nyingi za kaktasi huota vizuri katika joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, na katika wiki za mwanzo hazivumilii kukauka. Chungu kinazinyang'anya mambo mawili kwa mkupuo: maji na joto. Arusha, mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai watu hujifunika blanketi, kuzitia mbegu hizo ndani ya mtungi ni kuzikatia hukumu.

Mbegu yenyewe ni ndogo mno. Nyingi zina upana wa milimita moja hivi, na za jamii kama Blossfeldia na Strombocactus ni kama vumbi. Hazifukiwi. Hunyunyizwa juu ya udongo, kwa maana nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Kimzizi cha kwanza kina urefu wa milimita chache tu, na tabaka la juu la udongo, linalokauka kabla ya mengine yote, ndiyo dunia yake nzima. Anayesema mche huo upewe maji haba amezoea kutazama kaktasi za miaka 20, akasahau kwamba nazo zilikuwa changa.

Kuna hoja moja ambayo watetezi wa chungu huitoa kwa kujiamini sana: kwamba jangwani hakuna trei, na bado kaktasi zinaota. Hoja hiyo ni hafifu kuliko zote. Jangwani hakuna chungu pia. Tena anayetaka kuiga jangwa na aliige lote. Saguaro, kaktasi kubwa ya jangwa la Sonora huko Arizona na Meksiko, inakadiriwa kutoa mbegu milioni 40 katika uhai wake, na zinazofikia kuwa mimea mikubwa ni za kuhesabu. Hizo chache huchipua wakati wa mvua, mara nyingi chini ya kivuli cha mti mwingine kama palo verde, penye unyevu na pasipo jua kali. Katika miaka minane ya mwanzo mche wake huweza kuwa na kimo cha sentimita tatu au nne tu. Mwenye mbegu milioni 40 na afuate jangwa. Aliyenunua pakiti ya mbegu 20 kwa fedha aliyoitolea jasho anahitaji chombo.

Hata huo wimbo wa jangwa ni nusu ya habari. Rhipsalis baccifera, kaktasi pekee inayojulikana kuota kiasili nje ya mabara ya Amerika, huning'inia juu ya miti kwenye misitu yenye unyevu ya Afrika, ya Afrika Mashariki ikiwemo. Haina mwiba wa kutisha, haijui jangwa, na ndiyo kaktasi yetu ya asili. Mnyaa na mingine ya ukoo wake yenye utomvu mweupe, ambayo watu huita kaktasi kila siku, si kaktasi hata kidogo. Watu wasiotofautisha mnyaa na kaktasi ndio hao hao wanaofundisha wengine chombo cha kusia.

Chombo chenyewe ni hiki: trei ya plastiki yenye kina cha sentimita tano hadi saba, matundu chini, na kifuniko kinachopitisha mwanga. Kina hicho kina sababu. Maji yakimwagwa kwenye chombo chenye matundu hayatoki yote. Tabaka la chini hubaki limeloa, na unene wa tabaka hilo huamuliwa na aina ya udongo, si urefu wa chombo. Ndani ya chungu cha sentimita 20, tabaka hilo liko mbali na kimzizi: juu kukavu, chini tope. Ndani ya trei ya sentimita sita, unyevu uko jirani na mche unaouhitaji.

Asiye na trei atumie kopo la siagi, kikombe cha mtindi au kikontena cha chakula chenye kifuniko, na matundu ayatoboe kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko. Achanganye mchanga wa mto uliooshwa na kuchekechwa, pumisi ndogo na kokopiti kidogo, aumwagie mchanganyiko maji yanayochemka ili kuua vijidudu, aache upoe. Wakazi wa Tanga na Mombasa wasichote mchanga wa ufukweni, maana una chumvi. Baada ya kusia, trei ikalishwe kwenye beseni lenye maji ya sentimita mbili hadi uso wa udongo ubadilike rangi, kisha ifunikwe na kuwekwa penye mwanga lakini si juani, kwa sababu chombo kilichofunikwa kikipigwa na jua hupika kilichomo. Kinyaushi, ugonjwa unaolaza miche chini kwa usiku mmoja, huja na uchafu wa udongo na wa chombo. Plastiki huoshwa ikatakata, lakini vitundu vya chungu kilichokwisha kutumika havifikiwi na sabuni.

Miche ikishahitaji kutenganishwa, mara nyingi baada ya miezi sita hadi mwaka, ihamishiwe kwenye vyungu vidogo vya plastiki vya mraba, si vya duara. Chungu cha duara chenye upana sawa na cha mraba kina eneo dogo kwa zaidi ya moja ya tano, na nafasi hiyo kwenye meza hupotea bure.

Kuna uovu mwingine usiosameheka: vyungu vya kupendeza visivyo na tundu hata moja, vinavyouzwa pamoja na nasaha ya kutandika kokoto chini ili maji yapite. Yapite yaende wapi? Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington nchini Marekani ameandika kuipinga imani hiyo ya kokoto: maji hayashuki kutoka udongo laini hadi kwenye kokoto mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto hulisogeza tope karibu zaidi na mizizi. Duka linalouza chungu kisicho na tundu ndilo pia linalouza kaktasi iliyobandikwa ua kavu kwa gundi kichwani, na mnunuzi humwagilia akisubiri ua lingine.

Wengine hujificha nyuma ya mazingira. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na nchi zote mbili zilifanya vyema. Lakini mfuko uliotumika dakika 10 na kuziba mtaro haufanani na trei nene inayooshwa na kusiwa tena msimu baada ya msimu, wala na kopo la siagi lililookolewa lisiende jalalani.

Mwandishi wa safu hii aliufuata ushauri wa chungu kabla ya kuujua ubovu wake. Pakiti ya mbegu za Astrophytum, zile za kahawia zenye umbo la kofia, aliigawa: nusu kwenye chungu kizuri cha kufinyanga, nusu kwenye kopo la siagi lililofunikwa. Za chunguni zilichipua chache, na kufikia wiki ya tatu, baada ya siku mbili za safari, zote zilikuwa nyuzi kavu. Za kwenye kopo zilichomoza ndani ya wiki moja, zikabanana kama abiria wa daladala, na leo zimetimiza miezi 10, kila moja ikikaribia ukubwa wa njegere. Wiki ijayo zitahamia kwenye vyungu vya mraba vya sentimita tano. Chungu cha kufinyanga kimeoshwa na kuwekwa nyuma ya mlango wa jikoni, hadi moja kati ya kaktasi hizo itakapofikia upana wa ngumi.