King Enoch na gitaa lisilopiga kelele: kwa nini jina la mpiga solo linapotea?

Kuanzia Mbezi Beach hadi Temeke, mwisho wa wiki nyimbo za zilipendwa hupigwa kwenye baa, hoteli na kumbi za harusi. Hata wewe unayetusikiliza ukiwa shambani unazijua. Ukiulizwa nani anaimba, utajibu haraka: Gurumo, Bitchuka, Chidumule. Ukiulizwa nani anapiga gitaa la solo, wengi wetu tunakaa kimya.

Ukimya huo unagusa pia mifuko ya watu. Siku hizi muziki unaopigwa redioni na kwenye baa unatakiwa kulipiwa, na malipo humfikia yule ambaye jina lake limeandikwa. Katika makala hii tunaeleza tatizo hilo kupitia mwanamuziki mmoja mkongwe, marehemu Michael Enoch.

Michael Enoch alikuwa nani?

Wapenzi wa dansi walimwita King Enoch. Alipata jina akiwa mpiga gitaa la solo wa Dar es Salaam Jazz Band, moja ya bendi za zamani kabisa mjini, katika miaka ya 1960. Neno "jazz" lisikuchanganye. Kuanzia Morogoro Jazz hadi Tabora Jazz, bendi zetu zililitumia kumaanisha muziki wa dansi wa kisasa. Ndani yake kulikuwa na rumba ya Cuba iliyokuja kwa santuri, rumba ya Kongo, na ngoma za kwetu.

Baadaye alikwenda Mlimani Park Orchestra. Bendi hiyo ilianza mwaka 1978, Muhidin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakiwa miongoni mwa waanzilishi. Ilichukua jina la baa ya Mlimani Park, upande wa Ubungo karibu na Chuo Kikuu, eneo ambalo wakati huo lilikuwa Wilaya ya Kinondoni. Mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wengi tunaiita Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo.

Sikinde ilikuwa na wapiga magitaa wengine hodari, akiwamo Joseph Mulenga. King Enoch akashika saksafoni na kazi ya kupanga muziki: nani aingie wapi, nani anyamaze wapi. Aliyekuwa nyota wa solo akakubali kusikika kupitia vidole vya wenzake.

Utulivu huo unasikikaje?

Chukua wimbo wa Sikinde, kwa mfano Neema, utunzi wa Cosmas Chidumule. Weka simu yako kwenye spika za masikioni, maana spika ndogo ya simu humeza gitaa la besi. Sikiliza mara ya kwanza kwa ajili ya maneno. Mara ya pili achana na mwimbaji, ufuate magitaa.

Utasikia kwamba hakuna gitaa linalobeba wimbo peke yake. Gitaa la rizimu linashikilia mwendo. Besi inatembea chini. Solo inatia maneno machache pale mwimbaji anapovuta pumzi, kama mtu anayeitikia hadithi bila kumkatiza msimuliaji. Wimbo ukifika sehemu ya kuchangamka, ile wanamuziki wanayoiita chemko, solo inapata nafasi zaidi. Hata hapo mara nyingi inarudia kipande kifupi, ikikibadilisha kidogo kidogo, ili wachezaji wasipoteze hatua.

Huo ni ufundi mgumu. Kupiga noti nyingi kunaonyesha kasi ya vidole, lakini kuacha noti isipigwe kunahitaji kuwasikiliza wenzako wote kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba anayecheza kwa heshima namna hiyo ni rahisi kusahaulika. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, anakumbukwa kwa solo yake. Lakini yeye pia alitunga, aliimba na kuongoza bendi. Aliyepiga gitaa tu hakupata bahati hiyo.

Kanda ziko wapi?

Kwa miaka mingi bendi za Tanzania Bara zilitegemea studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, pale Barabara ya Pugu. Bendi nzima ilirekodi kwa pamoja, waimbaji na vyombo vyote. Mpiga solo aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo, kwa hiyo nidhamu ile haikuwa mapambo.

Kanda hizo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Ni urithi mkubwa wa nchi, na kanda ya sumaku huharibika kwa joto, unyevu na umri. Nje ya nchi kazi chache zilitolewa upya. Mwaka 1994 kampuni ya Africassette ya Marekani ilitoa albamu ya Mlimani Park iitwayo Sikinde. Nyimbo nyingine unazosikia kwenye simu zimetoka kwenye kaseti za mitaani zilizonakiliwa mara nyingi, na kwa kawaida faili huwa na jina la bendi na la wimbo tu.

Fedha zinaingiaje hapa?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda watu wa aina mbili wanaotuhusu hapa. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki inawahusu wengine, wakiwamo watumbuizaji, yaani waliopiga na kuimba. Mwanzoni mwa 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni na kwenye televisheni. Ilikuwa hatua njema, lakini mgawo wa aina hiyo unahitaji kumbukumbu.

Kwenye dansi, mtunzi alileta maneno na sauti ya kuimba. Vipande vya magitaa vilizaliwa mazoezini, kila mmoja akichangia. Tena wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika yaliyomiliki hata vyombo. Kwa hiyo familia ya mpiga gitaa ikitaka kudai kitu, swali la kwanza ni: ushahidi kwamba ni yeye uko wapi?

Tunaona mambo matatu yanawezekana. La kwanza, kila kanda inayohamishiwa kwenye kompyuta iandikwe majina ya wapigaji wote, wakati wazee wanaoweza kuwatambua kwa sikio bado wapo. La pili, redio zitaje mpiga solo kama zinavyotaja mwimbaji. La tatu linakuhusu wewe. Kama kijijini kwako yupo mzee aliyepiga kwenye bendi, mchezee nyimbo hizo, muulize nani alishika chombo gani, na umrekodi kwa simu hiyo hiyo unayosomea makala hii. Andika tarehe, wimbo na majina, kisha ipe familia yake nakala.

King Enoch ana bahati kwamba jina lake limebaki. Wenzake wengi wamebaki sauti tu, na sauti isiyo na jina haiwezi kusimama kwenye dirisha la malipo.