Soma control.ctl Kabla ya Kuunda Jukwaa Lako

Leo nataka tuzungumze kuhusu faili. Naam, faili la maandishi matupu, lisilo na picha wala vitufe vya kubofya. Linaitwa control.ctl na linapatikana ndani ya INN, programu ya seva ya Usenet iliyoandikwa na Rich Salz mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambayo bado inatunzwa. Maoni yangu ni kwamba kila mtu anayetaka kuunda jukwaa la mijadala anapaswa kulisoma kwanza.

Kwa wale wasioifahamu, Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani. Haina makao makuu. Ukiandika makala kwenye seva yako, seva hiyo huipelekea jirani yake, naye jirani huipelekea mwingine, hadi ienee kote. Mijadala imegawanywa katika vikundi vyenye majina kama comp.lang.c, cha lugha ya C, au soc.culture.african.

Sasa jiulize: kama hakuna makao makuu, ni nani anayeamua kikundi kipya kianzishwe au cha zamani kifutwe?

Ombi husafiri kama makala nyingine yoyote. Kuna ujumbe maalumu uitwao newgroup wa kuanzisha kikundi, na rmgroup wa kukifuta. Yeyote anaweza kuutuma. Lakini kuupokea si kuutii! Kila msimamizi wa seva ameandika katika control.ctl yake ni nani atakayesikilizwa. Tazama mistari hii mitatu:

all:*:*:mail
newgroup:*:alt.*:doit
rmgroup:*:alt.*:drop

Kila mstari una sehemu nne: aina ya ujumbe, mtumaji, vikundi vinavyohusika, na hatua ya kuchukua. Kinyota maana yake ni yeyote au chochote. Mstari wa mwisho unaolingana na ujumbe ndio unaofuatwa, ndiyo maana kanuni ya jumla huwekwa juu.

Basi tusome. Mstari wa kwanza: ujumbe wowote usiojulikana, usifanye kitu, niandikie barua pepe niamue mwenyewe. Wa pili: mtu yeyote akitaka kuanzisha kikundi chini ya alt, anzisha. Wa tatu: mtu yeyote akitaka kufuta kikundi chini ya alt, tupa ombi lake.

Umeona? Kuzungumza ni ruhusa kwa wote, kunyamazisha wengine si ruhusa kwa yeyote anayetoka nje. Huo ni msimamo wa kisiasa kabisa, na umeandikwa kwa mistari miwili ambayo hata mtu asiyejua programu anaweza kueleweshwa kwa dakika tano.

Kwa matawi makubwa manane, yakiwemo comp, sci na soc, msimamo ni tofauti. Huko ombi hukubaliwa tu likiwa na saini ya PGP inayohakikiwa na seva. Utaratibu huo ulikuja katika miaka ya 1990, kwa sababu kuandika jina la mtu mwingine kama mtumaji kulikuwa rahisi mno. Jina halikutosha tena, ikahitajika saini.

Najua kuna atakayesema: lakini Usenet imejaa takataka. Ni kweli, na gharama hiyo sitaificha. Ukiacha mlango wa alt wazi utapata vikundi chungu nzima visivyo na mtu ndani, na msimamizi atavisafisha kwa mkono. Google Groups ilijitoa Usenet tarehe 22 Februari 2024, na barua taka ilikuwa miongoni mwa sababu ilizotoa. Hata hivyo, kujitoa kwake hakukuzima Usenet. Seva nyingine ziliendelea kupashana makala, kila moja na faili lake.

Linganisha na vikundi vyetu vya simu na mitandao ya kijamii. Chama cha akina mama, wazazi wa darasa la nne, vijana wa mtaa: mazungumzo yote hayo yanakaa kwenye seva za watu wengine. Siku kikundi kikifungwa, mara nyingi utapata sentensi moja tu isemayo kwamba kanuni zimevunjwa. Kanuni ipi? Nani aliamua? Nani alituma ombi? Huoni faili lolote.

Kwa hivyo nawaomba waandishi wa programu wenzangu: tukiunda jukwaa, hata la watu thelathini, tuanze na jedwali la safu nne. Kitendo gani, nani anakitaka, wapi, na nini kifanyike. Tuliweke mahali ambapo kila mwanachama anaweza kulisoma. Na kwa jambo ambalo hatukulitarajia, jibu la mashine lisiwe kufuta, liwe kumuuliza binadamu.

Si kazi kubwa. INN imekuwa ikiifanya kwa miaka mingi kwa faili la maandishi tu, nasi tuna zana bora zaidi.