Asali ya Kaliua Ipewe Jina Lake

Katika bonde la mto Loire, nchini Ufaransa, divai ya Vouvray huuzwa kwa jina la kijiji chake, na sheria hulilinda jina hilo. Zabibu yake, Chenin Blanc, hustawi pia Dodoma na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini mkulima akikosa mnunuzi, huozea shambani.

Asali ya miombo ya Kaliua haiozi. Hasara yake ni kupakiwa katika madumu yasiyo na chapa, ikapoteza kwao njiani. Tunawasihi viongozi wa wilaya hii, iliyoundwa mwaka 2012, wasimamie ifungwe hapo hapo na kuandikwa Kaliua. Ndugu zetu wa Visiwani, wenye mahoteli, watajua wanunuacho, na mrina atapata haki yake.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Lakini kisicho na jina hakiulizwi.